Kisu cha umbo la kale, chuma cha leo: kifunguke kwa ukucha, tundu, pezi au mkia?

Ukikichukua kisu cha kukunja cha mtindo wa zamani kilichotoka kiwandani juzi, macho peke yake hayatakuambia kama ni kipya. Mpini ni wa mfupa au wa mti, miisho yake imevikwa chuma, na umbo ni lile lile lililokaa mfukoni mwa babu. Upya umejificha mahali pawili. Pa kwanza ni maandishi madogo yaliyopigwa kwenye kitako cha bapa, yaani ile sehemu inayoingia ndani ya mpini: M390, S35VN, MagnaCut, ambayo ni majina ya aina za chuma. Pa pili ni jinsi bapa linavyotoka. Zamani lilivutwa kwa ukucha, basi. Siku hizi kuna la kusukumwa kwa gumba kupitia tundu, la kubonyezwa kwa kipande kinachotokeza kama pezi la samaki, na la kuinuliwa kwa mkia.

Wanunuzi wengi huanza na yale maandishi. Mimi naona wanaanzia mwisho. Chuma kitaamua utakinoa kisu baada ya muda gani, lakini kufunguka kwake ndiko kutakakoamua kama utakitoa mfukoni au utakwenda kutafuta cha jikoni. Niliwahi kuwa na kisu cha chuma cha hali ya juu kilicholala kwenye droo miezi mingi kwa sababu mfuo wake wa ukucha ulikuwa mfupi na springi yake ngumu kama mtego wa panya. Ndiyo maana hapa natanguliza njia nne za kufungua, chuma kinafuata.

Vigezo ni hivi: kinahitaji mikono mingapi, kitu gani kinalizuia bapa lisikurudie vidoleni, kinakaaje mfukoni na kinasafishwaje, halafu sheria inakitazama vipi. Chuma kina vigezo vyake: kudumu kwa makali, urahisi wa kunoa, kutu, na kumeguka.

Njia nne kwa ufupi

Ukucha. Kwenye shavu la bapa, karibu na mgongo, kuna mfuo mwembamba. Unaingiza ukucha wa gumba, unavuta. Visu vingine vina pengo lililokatwa kwenye mpini ili bapa libanwe kwa vidole viwili bila kuhitaji ukucha kabisa.

Tundu. Bapa lina tundu la duara ambalo nyama ya gumba inazama ndani yake na kulizungusha. Kampuni ya Spyderco ya Marekani ndiyo iliyolipa jina, kwa kisu chake kiitwacho Worker cha mwaka 1981, ambacho pia kilikuwa na klipu ya kukining'iniza mdomoni mwa mfuko.

Pezi. Kitako cha bapa kina kipande kinachotokeza nje kisu kikiwa kimefungwa. Pezi la nyuma husukumwa kwa kidole cha shahada. Pezi la mbele ni dogo zaidi, liko pale kwenye bawaba, na gumba linalivuta kama unayewasha kiberiti cha gesi. Hili la mbele ndilo linalopendwa kwenye visu vya umbo la kale, kwa kuwa haliharibu mstari wa mpini.

Mkia. Kitako ni kirefu, kinatoka nje kama mkia, nawe unaubonyeza ili bapa liinuke. Mfano unaojulikana zaidi ni Higonokami wa Japani, kutoka mji wa Miki, uliotengenezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mpini wake ni bati la chuma au shaba lililokunjwa, bapa limeshikiliwa na ribiti moja, na hakuna springi wala kufuli.

Kufungua

Ukucha unataka mikono miwili, hakuna ujanja. Hilo lina ubaya wake pale unapoushika mzigo kwa mkono mmoja, lakini lina uzuri ambao watu huusahau: kisu kinachotaka mikono miwili hakifunguki chenyewe mfukoni, na anayekuona ukikifungua polepole hashtuki. Ubaya wa kweli uko kwenye ukucha wenyewe. Mfuo mrefu na wenye kina unasamehe. Mfuo mfupi uliokaribiana mno na bawaba unakunyima nguvu, kwa kuwa hapo unavuta bapa karibu na mhimili wake. Mikono ikiwa na mafuta, ukucha huteleza. Ikiwa na baridi, huumia. Kama kucha zako ni laini au unazikata fupi kabisa, tafuta chenye pengo kwenye mpini na usijitese.

Tundu ndilo linalosamehe kuliko yote. Gumba lenye jasho, lenye glavu nyembamba, lenye jeraha, lote linashika. Mwendo ni wa taratibu na unaudhibiti mwanzo hadi mwisho. Mkono wa kushoto unafungua sawa na wa kulia, jambo ambalo mfuo wa ukucha, ukichongwa upande mmoja tu, hauliwezi.

Pezi lina raha yake, siwezi kukataa. Gumba linapita, bapa linaruka na kugonga mahali pake, tak! Lakini linataka ujifunze. Siku za mwanzo bapa litaishia katikati, hasa la mbele, kwa sababu gumba linasukuma chini badala ya kuvuta nyuma. Na hapa kuna jambo la kiufundi linaloeleza kwa nini visu vya kale vyenye pezi ni vigumu kutengenezwa vizuri. Katika kisu cha kale cha kweli, springi ya mgongoni hukandamiza kitako cha bapa muda wote. Hiyo ndiyo inayolishikilia wazi na ndiyo inayolishikilia likiwa limefungwa. Sasa pezi linataka kinyume chake: likishajing'oa mahali pake, bapa liteleze bila kuzuiwa. Ukiiacha springi kali, pezi halirushi. Ukiilegeza, bapa linaruka lakini linashikwa kidogo likiwa wazi. Watengenezaji wengi huikwepa shida hiyo kwa kuiondoa springi ya mgongoni, wakaweka kufuli la bati ndani ya mpini, kigololi cha kulizuia bapa lisifunguke hovyo, na gololi ndogo kwenye bawaba. Kinachobaki ni kisu cha kisasa kilichovaa koti la babu. Si kibaya, ila ujue unachonunua. Ukiwa unapenda kile kituo cha nusu, pale bapa linaposimama kwa nyuzi 90 kabla ya kuendelea, usitarajie kukikuta humo.

Mkia uko kati. Unaweza kuufungua kwa mkono mmoja baada ya mazoezi, lakini watu wengi hutumia miwili. Ribiti ikikaza sana, gumba linachoka. Ikilegea, bapa linaning'inia. Uzuri ni kwamba dawa ya kulegea ni nyundo ndogo na kipande cha chuma cha kuegemeza: gonga ribiti mara mbili tatu, jaribu, gonga tena.

Kubaki wazi

Hapa ndipo vidole vinapohusika, kwa hiyo soma polepole.

Kisu cha ukucha chenye springi hakina kufuli. Springi inalipinga bapa lisifunge, lakini ukilisukuma kwa mgongo wake litafunga. Kwa kukata kamba, kuchonga penseli, kumenya tunda au kufungua sanduku, hilo halina neno, maana nguvu yote inaelekea kwenye makali. Hatari huja ukichoma kwa ncha au ukilizungusha bapa lililonasa kwenye mti. Kuna visu vya kale vyenye ukucha na kufuli pia: Buck 110, kisu cha Marekani cha mwaka 1964, una kufuli la mgongoni linalosikika likiingia. Opinel wa Ufaransa, ulioanza mwaka 1890 huko Savoie, uliongezewa mwaka 1955 pete inayozungushwa shingoni ili kulibana bapa. Pete hiyo ni kufuli rahisi kuliko zote ninazozijua, na mtoto anaielewa kwa kuiangalia. (Opinel una tabia moja: mpini wake wa mti ukinyonya maji huvimba na kulibana bapa, ukucha ukashindwa. Gonga kisogo cha mpini kwenye kitu kigumu, bapa litachomoza lenyewe kiasi cha kulishika.)

Tundu halisemi lolote kuhusu kufuli. Utalikuta kwenye visu vyenye kufuli na visivyo nalo, kwa hiyo uliza. Pezi, kwa sababu niliyoitaja, karibu daima huja na kufuli. Pezi la nyuma lina faida ya ziada: bapa likifunguka, pezi hugeuka kuwa kinga mbele ya kidole cha shahada, mkono usiteleze kwenye makali. Pezi la mbele halifanyi hivyo.

Mkia ndio wa ajabu. Kisu kikiwa wazi, mkia unalala juu ya mgongo wa mpini, na kiganja chako au gumba lako ndilo kufuli. Ukishika sawasawa, hakifungi. Ukilegeza mkono huku ukisukuma, hakuna kitu cha kukuokoa. Nilijifunza hilo nikichonga kijiti, nikainua gumba ili nipangusie jasho huku mkono ukiendelea na kazi. Kovu ni dogo, lipo pembeni mwa kiungo cha kwanza cha shahada.

Mfukoni, na kwenye beseni la kuoshea

Kisu cha ukucha ndicho chembamba kuliko vyote. Hakina kitu kinachotokeza, hakitoboi mfuko, hakikwaruzi funguo. Tundu linalipa bapa nundu, kwa kuwa lazima lipate nafasi juu ya mpini gumba lilifikie. Nundu hiyo ndiyo inayowakera wapenzi wa umbo la kale, nami nawaelewa. Kisu kinakuwa kama mtu aliyevaa kanzu nzuri na begi mgongoni. Pezi la mbele halionekani sana. Pezi la nyuma hukwama kwenye kitambaa cha mfuko, na mkia hukwama zaidi.

Usafi unageuza meza. Mkia unashinda bila jasho: mpini uko wazi, pitisha maji, kausha, tia tone la mafuta. Kisu cha springi nacho ni rahisi, ingawa vumbi la mfukoni hukusanyika kwenye mfereji wa mpini, na kijiti kilichochongwa kinalitoa. Kumbuka tu kuuliza kama springi yenyewe haishiki kutu, maana kuna visu vyenye bapa la chuma kizuri juu ya springi ya chuma cha kaboni. Pezi lenye gololi ndilo linalodeka. Pamba za mfukoni zikiingia kwenye gololi, bapa linaanza kukwaruza, na utomvu wa tunda ukikaukia humo, lile tak linakufa. Itabidi ufungue skrubu na kusafisha kimoja kimoja. Wako wanaoifurahia kazi hiyo.

Sheria

Hili ni fupi lakini linaweza kuamua yote. Nchi nyingi zinatofautisha kisu chenye kufuli na kisicho na kufuli, na kile cha mkono mmoja na cha miwili. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisicho na kufuli ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sm 7.62. Kikiwa na kufuli, unatakiwa uwe na sababu ya msingi. Ujerumani, tangu 2008, imewekea masharti kubeba kisu ambacho bapa lake linafunguliwa na kukazwa wazi na kufuli kwa mkono mmoja. Utaona mara moja kwamba ukucha na springi hupita kwa urahisi mahali pengi, na pezi lenye kufuli hukwama. Soma sheria ya unakoishi na ya unakosafiri kabla hujatazama rangi ya mpini.

Chuma kilicho nyuma ya maandishi

Kuna makundi matatu ambayo utakutana nayo kwenye visu hivi.

La kwanza ni chuma cha kaboni. Ule uitwao 1095 una kaboni takriban asilimia 0.95 na karibu hauna kingine zaidi ya manganizi kidogo. Unanoleka kwa jiwe lolote, unapokea makali membamba sana, na unashika kutu ukiutelekeza. Kata tunda chachu, weka kisu mezani bila kukifuta, urudi baada ya robo saa: bapa limeshapata mawingu ya buluu na kijivu. Rangi hiyo si uharibifu, na ikikomaa inapunguza kasi ya ile kutu nyekundu. Wengine wanaipenda kuliko kisu chenyewe.

La pili ni chuma kisichoshika kutu cha kawaida, mfano 12C27 wa Sweden, wenye kaboni takriban asilimia 0.6 na kromi, metali inayozuia kutu, 13.5. Hauna sifa za kujivunia mbele ya watu. Unanoleka haraka, hauna makuu na maji, na makali yake hudumu kiasi. Ningeambiwa nimnunulie mtu nisiyemjua kisu, ningeishia hapa.

La tatu ni vyuma vya unga, na ndivyo vinavyoitwa vya kisasa. Chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikawa unga, kila chembe ikaganda ghafla, kisha unga unashindiliwa kwa joto na shinikizo mpaka uwe kipande kimoja. Faida ni kwamba kabidi, zile punje ngumu zinazostahimili kusagika, zinabaki ndogo na kutawanyika sawasawa badala ya kukua na kujikusanya kama zinavyofanya chuma kikipoa polepole. Ndipo inapowezekana kutia kiasi kikubwa cha kaboni na vanadi, metali inayounda kabidi ngumu, bila chuma kuwa kama kioo. M390 wa kampuni ya Böhler una kaboni takriban 1.9, kromi 20 na vanadi 4 kwa mia. S35VN wa kampuni ya Crucible, wa mwaka 2009, una vanadi 3 na niobi kidogo, metali nyingine ya kuunda kabidi. MagnaCut, alioubuni mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas na kutoka mwaka 2021, una kromi takriban 10.7 tu, lakini unaipinga kutu vizuri kuliko vyuma vingi vyenye kromi nyingi zaidi. Siri ni kwamba kromi yake haikumezwa na kabidi. Karibu yote imebaki ndani ya chuma chenyewe, ambako ndiko inakofanya kazi ya kuzuia kutu.

Vyuma hivi vinakaa na makali muda mrefu, hasa ukikata kadibodi na kamba, vitu vinavyosaga makali. Deni linalipwa siku ya kunoa. Kabidi ya vanadi ni ngumu kuliko oksidi ya alumini iliyomo kwenye vinoo vingi vya kawaida, kwa hiyo jiwe linakula chuma kilichoizunguka na kuiacha yenyewe. Nilikaa jioni moja na M390 kwenye kinoo nilichozoea kunolea kaboni: mkono ulichoka, maji yalikuwa meusi, na karatasi bado ilichanika badala ya kukatika. Kesho yake, kwenye bamba la almasi, ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kama hutaki kununua bamba la almasi, chuma cha unga hakikufai, hata kikisifiwa vipi. Tena usisubiri kiwe butu kabisa. Kinoe kidogo kidogo kingali kinakata.

Kwa kumeguka, bapa jembamba la chuma cha unga kilichofanywa kigumu sana huweza kupata vipengo likigonga mfupa au msumari. MagnaCut unastahimili zaidi ya M390 katika hilo. Kaboni na 12C27 mara nyingi hujikunja makali badala ya kumeguka, na mkunjo unanyooshwa upesi.

Kuna kitu kimoja ambacho maandishi ya kitakoni hayakisemi kamwe, nacho ni unene. Visu vya kale vilikata vizuri kwa sababu mabapa yao yalikuwa membamba, mara nyingi karibu milimita 2 mgongoni na kupungua hadi karibu na sifuri nyuma ya makali. Baadhi ya matoleo ya kisasa yana chuma cha ajabu kwenye bapa nene, na yanapasua tunda badala ya kulikata. Opinel wa chuma cha kawaida utakiaibisha kisu kama hicho mbele ya wageni.

Hali yako ni ipi?

Unafanya kazi ofisini, unafungua bahasha na vifurushi, hutaki kushangaza mtu: ukucha na springi bila kufuli. Chuma cha unga kinafaa hapa, maana utakisahau kukinoa miezi na hakitalalamika.

Mkono mmoja huwa umeshika kitu, iwe kamba, bomba au ngazi: tundu. Vumilia nundu. Kama sheria ya kwenu inakataza kufuli, tafuta lenye tundu na springi.

Unakula na kisu hicho, unamenya, unakata nyama: ukucha au mkia, bapa jembamba, 12C27 au MagnaCut. Kaa mbali na gololi.

Unapenda kukichezea, kukifungua na kukifunga ukiwaza: pezi la mbele, na ununue pamoja na bisibisi ndogo ya skrubu zake.

Unataka kujifunza kunoa, au unamwanzishia kijana aliye chini ya uangalizi: kaboni. Kwa kijana, iwe ukucha na pete ya kubana, si mkia.

Unataka kitu kimoja kisichoharibika, utakachokirekebisha mwenyewe mbali na fundi: mkia, kwa masharti kwamba unajijua ni mtu wa kushika kwa makini.

Bado umekwama kati ya viwili? Ukipata nafasi ya kuvishika, lowesha mikono kwanza, uifute nusu nusu, kisha fungua na kufunga kila kimoja mara kumi. Kile ambacho kidole kimeteleza hata mara moja, kirudishe.